Mayai ya kuoka yanatoa maji, nifanyeje?

SWALI: Dada habari, kwetu tuko wengi na asubuhi kukaanga mayai ya mmoja mmoja nachoka, sasa nikichanganya na viazi, nyanya na soseji nikaoka kwenye oveni yanatoa maji chini halafu juu yamekakamaa. Nakosea wapi? Mama Watatu, Tanga

JIBU: Mama Watatu, mchawi wako ni hizo nyanya. Toa mbegu, zikaange na kitunguu na hoho mpaka maji yakauke kabisa, na ukiweka mchicha ukamue kwa mkono haswa, usiuonee huruma. Viazi chemsha viive nusu, soseji kaanga kidogo, panga kwenye trei uliyopaka siagi. Mayai 8 piga na maziwa nusu kikombe tu, chumvi, pilipili manga, mwagia juu. Oveni nyuzi 180, kama dakika 30 hivi, ila usingoje pakauke kote, katikati pakiwa bado panatikisika kidogo we toa, yatamalizikia kwenye joto la trei. Umeme ukikatika tumia sufuria na mkaa, juu mwingi chini kidogo, kama unavyooka keki. Jibini weka ukipenda, mi kwa bei ile bora niongeze mayai.