Fundi wa AC kufanyia kazi nyumbani? Inawezekana, ila si yote

Nikisema sehemu ya kazi yangu ya AC na friji naifanya nikiwa nyumbani Kisauni, vijana hucheka. Gesi haitiwi kwa simu, wanasema. Kweli, haitiwi. Lakini kabla ya kutia gesi kuna kujua kama gesi ndiyo iliyopungua, na hilo mara nyingi nalijua nimeketi barazani.

Mteja wa Diani akipiga simu, "Fundi, AC haitoi baridi," zamani ningebeba begi, nisubiri feri Likoni, nifike nikute filta imeziba vumbi. Siku imekwenda, na mteja anaona uchungu kulipia kuosha filta. Sasa nataka video, na msimamizi wa nyumba ndiye anayeshika simu. Nionyeshe paipu ile nene kwenye yuniti ya nje. Ina barafu? Basi azime, barafu iyeyuke, aoshe filta, awashe tena. Ikirudi, hapo nashuku gesi inavuja, na hapo ndipo navuka. Yuniti ikivuma na feni haizunguki, nashuku kapasita, kile kifaa kinachoisaidia feni kuanza kuzunguka, nami huenda na mpya begini. Masikio pia hufanya kazi: kompresa, ile pampu ya gesi, ikigonga hujisema yenyewe.

Ila simwambii mtu yeyote afungue kifuniko. Kapasita huweza kubaki na umeme hata swichi ikizimwa, na mtu akipigwa na umeme, video haitamsaidia.

Sola ni rahisi zaidi. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani, nyingi za siku hizi hutuma taarifa kwenye programu ya simu, kwa hiyo unaona chaji ya betri na namba ya hitilafu ukiwa Mtwapa, mtambo uko Voi. Kuufunga bado wahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya.

Kuna kotesheni na michoro pia. Mkandarasi anakutumia ramani, wewe unamwambia chumba hiki kinatoshwa na AC ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), na kile kinachopigwa na jua la jioni kipewe 18,000. Nyumba ikiwa ufuoni Nyali, mwambie mapema kwamba chumvi hula koili, yale mabomba ya kupozea ya yuniti ya nje, achague yenye rangi ya kinga.

Ushauri wa simu nao ulipiwe. Mimi hutaka M-Pesa kabla ya video, na nikija baadaye pesa hizo nazikata kwenye bili. Wajomba na mashangazi watakuomba bure tu. Hao hawana dawa.

Aliyemaliza chuo juzi namshauri asianzie hapa. Huwezi kutambua kwa simu mlio ambao hujawahi kuusikia umeinama juu ya mashine. Fanya kwanza kazi ya juani, kisha tafuta mwenzako ng'ambo ya pili. Mimi nina kijana Ukunda, namwelekeza kwa video, pesa tunagawana. Siku hizi wateja wengine humpigia yeye kwanza, na yeye ndiye hunipigia mimi.