Jibu: Kirpan ya mtoto wa Kalasinga shuleni, kazi iko kwenye mshono

Mkuu, umeuliza kama shule ya serikali huko Montreal inaweza kumzuia mwanafunzi wa Kalasinga asiingie na kirpan, ile silaha ndogo ya kidini inayofanana na jambia, kisa ni kisu. Kupiga marufuku moja kwa moja, hapana. Mahakama ya Juu ya Kanada ilishalimaliza hilo tarehe 2 Machi 2006 katika kesi ya Multani, mtoto ambaye kirpan yake ilidondoka uwanjani mwaka 2001 bila kumdhuru mtu. Shule ilimwambia avae kidani chenye umbo la kirpan au kirpan ya plastiki, akakataa, maana kwa imani yake lazima iwe ya chuma. Msibishanie tena hilo, mtapoteza muda. (Na si kila Kalasinga huivaa, ni waliopokea amrit, ule ubatizo wao.)

Kilichobaki ni namna ya kuivaa, na hapo ndipo wengi hulipua kazi. Masharti ya kesi ile: ala, yaani kifuniko cha kuchomekea kirpan, iwe ya mbao, si chuma, kirpan ikiwa ndani ya ala ifungwe kwenye mfuko wa kitambaa kigumu, ishonwe, mfuko nao ushonwe kwenye gatra, ule mkanda wa begani, vyote vikae chini ya nguo. Mtoto asimwachie mtu, na ikipotea aseme hapo hapo.

Velkro na vifungo havifai, vinafunguka kwa mkono mmoja. Tumieni uzi wa kushonea viatu, mdomo wa mfuko upigwe mistari miwili. Sindano isipoishika gatra yenyewe, mfuko utateleza siku ya mpira.

Ukaguzi wa wafanyakazi wa shule unaruhusiwa, ila kwa staha. Mwalimu mmoja, faraghani, apapase mshono kwa nje. Ukimwambia aitoe uione, mshono umeukata mwenyewe!

Ukubwa? Huko Livingston, California, miaka ya 1990, mahakama ilikubali makali butu ya inchi 3 hadi 3½. Lakini kama shule ina safari za ndege, fikirieni fupi zaidi: tangu Novemba 2017 Kanada inaruhusu makali yasiyozidi sm 6 ndani ya kabini, isipokuwa ndege zinazokwenda Marekani. Kirpan iliyoshonwa haipimiki, kwa hiyo pimeni kabla ya kushona, na urefu muuandike kwenye faili la mtoto.