Makala Zilizokwama: Ushauri kwa Wanaoanza Kutunza Seva ya Habari

Kila anayekuja kujifunza kazi kwetu hapa Lamu huuliza swali lile lile katika wiki yake ya kwanza: intaneti ikikatika usiku na kurudi asubuhi, makala za Usenet (mtandao wa makundi ya majadiliano ambamo seva hupelekeana makala) zilizokuwa njiani kwenda kwa seva za wenzetu zimekwenda wapi? Jibu ni kwamba hazikwenda popote. Zimo humu humu ndani, na aghalabu amri moja inatosha kuzipeleka, ila sharti mwenye kuiandika ajue kwanza anatuma nini na kutoka wapi.

Seva yetu inaendeshwa na INN, programu iliyoandikwa na Rich Salz na kutolewa mwaka 1992, nayo huzungumza na seva nyingine kwa NNTP, itifaki ya kupelekeana makala za habari, kupitia poti namba 119. Makala inapopokelewa, mwili wake huwekwa katika ghala la seva, na kwa kila jirani, yaani seva ya wenzetu, anayepaswa kuipata, mstari mmoja huongezwa katika faili ya orodha iliyomo ndani ya saraka ya outgoing. Fungueni faili hiyo mara moja muitazame kwa utulivu. Kila mstari huanza kwa alama ya @, hufuatiwa na herufi na tarakimu 36, kisha alama ya @ tena (hiyo yote ndiyo alama ya ghala, inayoonyesha mwili wa makala ulipo), na baada yake huja kitambulisho cha ujumbe kilichofungwa kwa alama za < na >. Hakuna hata neno moja la makala yenyewe pale.

Jambo hili nawasihi mlishike kabla ya amri yoyote. Mzigo wa Lamu hushushwa Mokowe, upande wa bara, kisha ukavushwa kwa boti. Karatasi ya karani ikipotea, magunia yatakuwepo gatini lakini hakuna atakayejua lipi ni la nani, na karatasi ikiwepo ilhali magunia yameshaondolewa, karatasi hiyo haimfai mtu. Makala iliyokwama huokolewa pale tu orodha na mwili vyote viwili vipo.

Katika mwaka wangu wa kwanza niliifuta orodha. Umeme ulikuwa umekatika, nikakuta faili imevimba, nikaidhani ni takataka kwa kuwa makala zote nilikuwa nikiziona katika ghala. Jirani yetu akakosa makala za siku nzima, na watu waliokuwa wakisubiri majibu ya maswali yao walidhani hawakujibiwa. Ilinibidi nirudi kwenye kumbukumbu za seva, ambako kila makala iliyokubaliwa huandikwa kwa alama ya +, nikachambua vitambulisho vya saa zile, kisha nikavipitisha katika grephistory, programu ya INN inayotafuta makala kwa kitambulisho chake, kwa chaguo la -s ili nipate upya zile alama za ghala. Kazi ya dakika tano ilinichukua mchana kutwa. Mkiwahi kufikwa na hali kama hiyo, njia ndiyo hiyo, lakini afadhali msiihitaji.

Sasa utaratibu wenyewe. Ingieni kama mtumiaji anayeitwa news, wala si kama msimamizi mkuu wa kompyuta, kwa sababu faili zitakazoachwa na msimamizi mkuu huenda seva ikashindwa kuziandika baadaye. Kisha msiiguse orodha ambayo seva bado inaiandikia. Ibadilisheni jina kwanza, kwa mfano kutoka jirani kuwa jirani.kazi, halafu andikeni ctlinnd flush jirani (ctlinnd ndiyo amri ya kuiongoza seva). Mpangilio huu una sababu yake. Mnapobadilisha jina, seva huendelea kuandika katika faili ile ile iliyokwisha kubadilishwa jina, kwa kuwa imeishika wazi. Ni flush inayoifanya iiachie na kufungua orodha mpya. Anayeruka hatua hii hutuma orodha ambayo mistari yake ya mwisho ingali inaongezwa, na mistari hiyo ndiyo hupotea.

Hapo ndipo huitwa innxmit, programu ya INN inayotuma makala zilizo katika orodha, kwa kuitajia jina la seva ya jirani na mahali ilipo faili ya jirani.kazi. Mgeni wa kazi hii aongeze chaguo la -d ili aone kwenye skrini mazungumzo ya seva mbili, maana humo mna elimu kubwa. Seva yetu hutangaza kitambulisho; jirani akijibu 335, maana yake ni lete, na akijibu 235, ameipokea. Akijibu 435, tayari anayo au haitaki, na hilo si kosa hata kidogo. Nambari za kutofautisha kwa makini ni 436 na 437: ya kwanza inasema jaribu baadaye, na innxmit huirudisha makala hiyo katika orodha, ya pili inasema nimeikataa, na kuirudia ni kumsumbua jirani bure. Seva zinazotumia utaratibu wa mtiririko, ambao hutuma makala mfululizo bila kungoja jibu la kila moja, hujibu kwa nambari nyingine, yaani 238, 431, 438, 239 na 439, lakini tofauti kati ya baadaye na hapana ni ile ile.

Mawasiliano yakikatika katikati, msianze upya kwa hofu. Programu huiandika upya orodha ikabakiza makala iliyokuwa ikitumwa na zote zilizosalia, kwa hiyo mnarudia amri ile ile. Zote zikishatumwa, faili hutoweka yenyewe.

Subira hiyo ina mpaka. INN kwa kawaida hukataa makala iliyopita siku 10, na ghala letu nalo husafishwa kwa ratiba. Orodha iliyokaa wiki mbili basi huenda ikawa karatasi tupu. Innxmit -p huondoa mistari ambayo makala zake hazipo tena, bila kumpigia jirani.

Kwa makala zinazoingia, zile ambazo rnews, programu ya INN inayoingiza makala, ilizipokea wakati seva imelala hungoja katika saraka ya incoming, na rnews -U huzisukuma ndani.

Mwisho wa kazi, chagueni kitambulisho kimoja kutoka orodha mliyoituma, na ikiwa jirani amewaruhusu kusoma kwake, unganisheni na seva yake kupitia poti 119 na mwandike STAT pamoja na kitambulisho hicho. Jibu la 430 linamaanisha hana, na mtarudi kusoma kumbukumbu. Jibu la 223 linamaanisha makala imefika.