Meya akivua joho: anavyoweza kuongoza asasi ya utetezi

Mkuu uliyeuliza kama meya aliyemaliza muda hapa Mbeya anaweza kuanzisha asasi ya kutetea wafanyabiashara wadogo, na wachangiaji mliosema "hiyo ni siasa kwa mlango wa nyuma": anaweza, na sheria haimzuii. Ila wengi hukwama kwa kudhani watetezi wenye nguvu ni wale wenye namba za simu za wakubwa.

Tuanze na meya mwenyewe. Kwetu meya hachaguliwi na wananchi moja kwa moja, madiwani humchagua mmoja wao. Anaongoza Baraza la Madiwani na Kamati ya Fedha, lakini Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha na matumizi, ni Mkurugenzi wa Jiji, na huyo huteuliwa na Rais. Kwa hiyo akitoka, anachopoteza ni kiti, gari na joho. Fedha hazikuwahi kuwa mkononi mwake. Anachobaki nacho ni kujua faili linapita meza gani na mwezi gani, na hicho ndicho mtaji wa utetezi.

Mfano wa nje unaofaa ni Marc Morial. Alikuwa meya wa New Orleans, Marekani, kuanzia 1994 hadi 2002. Mwaka 2001 wapiga kura walikataa kubadili kanuni za jiji ili agombee muhula wa tatu. Mwaka 2003 akachukua uongozi wa National Urban League, taasisi ya kutetea Wamarekani Weusi iliyoanzishwa 1910. Angalieni vizuri: hakuunda asasi yenye jina lake, aliingia kwenye taasisi yenye bodi yake na matawi yake. Na kazi yao inayosikika zaidi ni ripoti ya kila mwaka kuhusu hali ya Wamarekani Weusi. Takwimu kwanza, hotuba baadaye. Huyu naye alikuwa meya mwenye mamlaka ya utendaji, wetu hana, lakini somo hilo linahama bila shida.

Sasa hapa nyumbani. Kabla ya yote, amalize deni la uongozi: tamko la mali na madeni la kuacha madaraka, linalokwenda Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Watu husahau hili kwa kuwa hakuna anayewakumbusha wakishatoka, halafu linaibuliwa siku asasi inapoanza kuuliza maswali magumu.

Usajili uko chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002, pamoja na marekebisho yake. Unachagua ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Kama shida ni masoko ya Jiji, usikimbilie taifa kwa ajili ya sifa. Maombi hufanywa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Msajili wa mashirika hayo, na Afisa Maendeleo ya Jamii ndiye wa kumwona mapema. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina kamili na saini, pamoja na wasifu na picha za viongozi. Cheti ni cha miaka 10, lakini ada na taarifa ni za kila mwaka. Mkataba wa ufadhili unaozidi Sh milioni 20 una utaratibu wake wa kuwasilishwa Hazina na kwa Msajili, usiubane kwenye droo.

Panapoharibika zaidi ni kwenye katiba. Mheshimiwa anajiandika mwenyekiti wa bodi, mtendaji mkuu na msaini wa benki, waanzilishi wengine ni mke, mtoto na shemeji. Sheria inataka shirika lisilofungamana na chama cha siasa, na hata kama Msajili hatalalamika, wafanyabiashara wa Soko la Sido hapa Mbeya watalalamika. Achague kofia moja. Kwa maoni yangu achague utendaji, na uenyekiti apewe mtu asiyewahi kubeba kadi ya uongozi wa chama.

Halafu shughuli yenyewe. Chagueni jambo ambalo mlango wake ni halmashauri. Barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, maji yana mamlaka yake, leseni za usafirishaji ziko LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini. Ukipeleka hayo Baraza la Madiwani utasikilizwa kwa heshima na utarudi mikono mitupu. Ushuru wa meza, usafi wa soko, mitaro ndani ya soko, ugawaji wa vizimba, sheria ndogo: hapo ndipo pa kushika.

Barua ya kuomba taarifa iandikwe kwa Mkurugenzi kwa kutaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Usiandike "tunaomba taarifa za mapato", itakaa. Andika hivi: "makusanyo ya ushuru wa Soko la Sido kwa robo ya Julai hadi Septemba, na kiasi kilichotumika kwa usafi na mitaro ya soko hilo kwa robo hiyo." Peleka nakala mbili masjala, ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Siku 30 zinahesabiwa kwa muhuri huo, bila huo huna cha kudai. Meya mstaafu anayempigia simu mweka hazina "nitumie tu kwenye WhatsApp" anapata tarakimu asizoweza kuzitumia hadharani, na anamweka mtumishi wa watu matatani.

Kalenda ndiyo roho ya kazi. Vipaumbele vya mitaa na kata huanza kukusanywa kabla ya mwaka kuisha, bajeti ya halmashauri hupita Baraza kawaida Januari au Februari, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukitokea Aprili na maandamano ya mama lishe, umeshachelewa, utabaki kuomba mabadiliko ya katikati ya mwaka. Oktoba uwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, Desemba uwe umekaa na madiwani wa kata zenye masoko. Kwenye Baraza wananchi mnasikiliza tu, anayesema ni diwani, na mambo mengi huwa yameshaiva kwenye kamati za kudumu. Aprili tumieni kusoma ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya Serikali za Mitaa, mtafute Jiji letu limeandikiwa nini.

Na kama baadaye anataka kurudi kugombea udiwani, aachie uongozi kabla ya kuchukua fomu, na makabidhiano yawe ya maandishi: muhuri, wasaini wa benki, nywila ya mfumo wa Msajili, na orodha ya barua ambazo hazijajibiwa.