Lipia Kisichobadilishika: Barua kwa Mwanangu Kuhusu Saa ya Mkononi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na zile picha za saa tatu nimezitazama kwa utulivu, moja baada ya nyingine. Unataka nikuchagulie mojawapo, kwa kuwa fedha uliyotenga ni ya wastani na inatosha saa moja tu, nayo saa hiyo hiyo uivae kazini, safarini, majini na arusini. Umeniuliza pia, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuchekwa, kama kuna busara kununua saa ya springi katika zama ambazo kila mtu ana simu mfukoni.

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu jibu lake ni fupi. Ikiwa unachotafuta ni usahihi peke yake, nunua saa ya betri, na fedha itakayobaki uifanyie jambo jingine. Tangu kampuni ya Seiko walipotoa Astron mwezi Desemba 1969, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, yaani ya betri na fuwele, kuuzwa madukani, mashindano ya usahihi yalikwisha. Fuwele iliyomo katika saa ya betri ya kawaida hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na saa hiyo hupotea sekunde zipatazo 15 kwa mwezi. Gurudumu la mizani la saa ya springi hupiga mapigo 6 au 8 tu kwa sekunde, na kupotea sekunde 15 kwa siku moja si ugonjwa. Anayenunua saa ya springi hununua mashine ndogo inayotembea bila betri, ambayo fundi anaweza kuifungua, kuisafisha, kuitia mafuta na kuirudisha kazini kwa miaka mingi. Ukilipenda hilo, basi limekutosha, wala huna haja ya kumwomba mtu radhi.

Kati ya saa zako tatu, nunua ile ya tatu, yenye uso mweusi usio na madoido. Najua moyo wako uko kwenye ile ya kwanza, ya mzamiaji, kwa hiyo nakudai subira kidogo nikueleze kwa nini naiacha. Fedha ikiwa si nyingi, ielekeze kwanza kwenye vile vitu ambavyo hutaweza kuvibadilisha saa ikishatoka dukani, au utavibadilisha kwa gharama ya kukuumiza. Mkanda si miongoni mwa vitu hivyo, wala kifungo chake, wala sanduku linaloijia saa.

Kisichobadilishika kuliko vyote ni ukubwa wa kasha. Wauzaji hutaja kipenyo, nao wanunuzi hukariri kipenyo, ilhali kinachoamua kama saa itakukaa ni urefu kutoka ncha ya masikio ya juu hadi ncha ya masikio ya chini, yaani zile pembe nne zinazoshika mkanda. Saa ya kwanza ina kipenyo cha milimita 44, na masikio yake, kwa maelezo uliyonitumia, yanafika milimita 51. Kata kipande cha karatasi ngumu chenye urefu huo, kilaze juu ya kifundo cha mkono, kisha simama mbele ya kioo uutazame mkono kwa mbali kama mtu mwingine atakavyouona. Usiinamishe kichwa na kuutazama kutoka juu, wala usiiamini picha ya simu iliyopigwa kwa karibu, kwa maana ukaribu huikuza saa na kuufanya mkono uonekane mwembamba. Ukiona ncha za karatasi zinaning'inia nje ya sehemu bapa ya mkono, saa hiyo itazunguka, itagonga kila mlango, na hakuna mkanda utakaoiponya. Mikono yako umeirithi kwangu, na kwa mikono yetu kipenyo cha milimita 36 hadi 40, pamoja na masikio yasiyozidi 47, ndicho kipimo kinachokubali shati la kazini na fulana ya mapumziko bila mtu kukigundua. Unene nao uupime. Kasha linalozidi milimita 13 hukwama kwenye mkono wa shati kila unaponyoosha mkono, na baada ya muda hulila shati lenyewe pale ukingoni.

Baada ya ukubwa huja maji, na hapa maandishi ya nyuma ya saa huwadanganya watu wengi ingawa hayasemi uongo. Saa iliyoandikwa mita 30 haimaanishi kwamba unaweza kuzama nayo mita 30. Kipimo hicho hupatikana kwa shinikizo tulivu katika chombo cha majaribio, saa ikiwa mpya na mipira yake ya kuzuia maji ikiwa mipya. Kwa maisha ya kawaida, mita 30 ni kunawa mikono na mvua ya njiani. Mita 50 inavumilia zaidi kidogo, lakini mimi nisingeogelea nayo. Mita 100 ndiyo ninayoiamini kwa mtu anayeogelea. Mita 200 ni ya mzamiaji, na wewe si mzamiaji. Ile saa yako ya pili, nyembamba na ya kupendeza, ni ya mita 30, na hilo peke yake linaiondoa katika orodha ya saa za kuvaliwa kila mahali. Hata hiyo ya mita 100 usiingie nayo katika maji ya moto yenye sabuni, wala usivute kifundo cha pembeni, kile cha kujazia saa na kusogezea mishale, ikiwa ina maji. Mpira wa kuzuia maji huzeeka kimya kimya, kwa hiyo kila fundi anapoifungua mwambie aubadilishe na kuipima tena kwa shinikizo.

Kuhusu mashine yenyewe, wengi hutazama jina lililoandikwa usoni na kusahau kuuliza kilichomo ndani. Kampuni nyingi za saa za bei ya kati hazitengenezi mashine zao. Hununua kutoka kwa watengenezaji wachache, na huo si udanganyifu, ni faida kwako. Saa yako ya tatu ina NH35, mashine inayotoka katika ukoo wa Seiko. Hupiga mapigo 21,600 kwa saa, hukaa na nguvu kwa takriban saa 41, hujijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, huweza kujazwa kwa vidole, na mshale wake wa sekunde husimama ukivuta kifundo, jambo linalokuwezesha kuiweka sawasawa na simu. Mashine ya 7S26 iliyotumika kwa miaka mingi katika saa za bei nafuu za Seiko haikuwa na mawili haya ya mwisho. Upande wa Citizen kuna mashine za Miyota: 8215 ni imara na ya kawaida, na 9015 ni nyembamba zaidi na hupiga mapigo 28,800. Kwa Uswisi utakutana na mashine za ETA 2824-2 na Sellita SW200, ambazo karibu ni pacha, kwa kuwa SW200 iliundwa kwa kufuata muundo wa ETA baada ya haki zake za ubunifu kwisha. Zote hizi fundi hodari anazijua kwa kuzishika, na vipuri vyake vinapatikana.

Utasikia pia sifa za Powermatic 80, iliyomo katika saa nyingi za Tissot, yenye akiba ya nguvu ya saa 80. Sifa hiyo ni ya kweli. Saa yenye akiba ya saa 41 ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Jumapili kabla ya adhuhuri imekwisha kusimama. Yenye akiba ya saa 80 utaikuta Jumatatu asubuhi bado inatembea. Lakini mashine hiyo haina ile nyenzo ya kawaida ambayo fundi huisogeza kidogo tu saa ikiwahi au ikichelewa, kwa hiyo marekebisho yake humtaka fundi mwenye vifaa na mafunzo yake. Mimi, kwa mtu mwenye fedha ya wastani na saa moja, napendelea mashine ambayo fundi wa kawaida haiogopi. Kuijaza upya saa iliyosimama ni kazi ya nusu dakika.

Wapo watakaokuvuta kwenye saa yenye visahani vidogo vya kuhesabia muda. Ni nzuri kuzitazama. Nyingi huwa nene, vipande ni vingi, na siku ya kusafishwa utalipa zaidi. Kwa saa ya pekee, ziache.

Kioo nacho usikipuuze. Cha plastiki huchunika haraka lakini hung'arishwa kwa dawa. Cha madini ni kigumu zaidi, lakini kikichunika hakiponi. Cha yakuti kiko daraja la 9 katika kipimo cha ugumu cha Mohs ambacho almasi ni 10, na kwa kuwa mchanga mwingi hauzidi 7, karibu hakuna kitu cha kila siku kitakachokikwaruza, ijapokuwa pigo kali la ukingoni huweza kukivunja. Saa ya tatu ina yakuti. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya bei yake kuipita kidogo ile ya kwanza, na nyongeza hiyo mimi ningeilipa bila kunung'unika. Kasha lake ni chuma cha pua kitupu, kisichopakwa kitu. Rangi ya dhahabu ya ile saa ya pili ni tabaka jembamba mno, ambalo huanza kuisha kwenye kona na pale masikio yanaposuguana na mkanda, na fundi hawezi kuling'arisha bila kuliondoa.

Kuhusu majina nitasema machache, maana hapo ndipo vijana hupotezea muda mwingi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika saa hata kizuri hutembezwa, na gharama ya kukitembeza iko ndani ya bei. Seiko, Orient, Citizen, Tissot na Hamilton wote wanatengeneza saa za kuaminika kwa watu wa kipato cha kati. Maneno ya Swiss Made nayo yana maana yake: tangu 2017 sheria hudai angalau asilimia 60 ya gharama za utengenezaji itumike Uswisi. Hayakuahidi kwamba saa hiyo itakufaa wewe.

Siku ya kununua, omba uishike saa hiyo hiyo utakayoondoka nayo, si ile ya maonyesho. Ipeleke kwenye mwanga na utazame kama mshale wa dakika unalenga alama yake sawasawa saa inapokuwa kamili, kama tarehe imekaa katikati ya dirisha lake, na kama chini ya kioo hakuna vumbi. Kisha legeza kifundo ukijaze taratibu kwa vidole. Unatakiwa uhisi ukinzani laini wa aina moja mwanzo hadi mwisho, bila mikwaruzo wala kuruka. Ukimaliza, kifunge tena. Kinapaswa kushika nyuzi zake za skrubu bila kulazimishwa. Muuzaji anayekukataza kufanya haya, mwage. Saa iliyotumika huweza kukupatia ubora zaidi kwa fedha ile ile, lakini jihadhari na uso uliopakwa rangi upya ukang'aa kuliko kasha lake, na uweke kando fedha ya kuisafishia, kwa sababu maneno ya muuzaji kwamba imesafishwa juzi hayana uzito bila karatasi ya fundi.

Ukishaivaa, usibadilishe tarehe kwa kifundo kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, wakati meno ya gurudumu la tarehe yameshikana. Sogeza kwanza mishale hadi yote miwili ielekee namba 6 iliyo chini, ndipo uibadilishe. Iepushe na spika, jalada la sumaku la tableti na kifungo cha sumaku cha mkoba. Siku saa ikianza kuwahi kwa dakika nzima bila sababu, huenda imeshika sumaku, na fundi huiondoa kwa sekunde chache. Kuwahi sekunde 10 kwa siku hakuhitaji fundi. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo hilo ni kosa la karibu sehemu moja kwa elfu tisa. Jaribu tu kuilaza usiku kwa mkao tofauti, uso juu au kifundo juu, uone mkao upi unairudisha nyuma kidogo.

Mkanda wa chuma unaokuja nayo utakufaa kazini na majini. Wa ngozi kwa ajili ya arusi nitakununulia mimi, ila unipimie nafasi iliyo kati ya masikio kwa rula, kwa maana pichani naikisia kuwa milimita 20 na sitaki kununua kwa kukisia.

Wako akupendaye,
Mama