Macau kwa siku moja, na viza ya China ya kuingia mara moja

Swali: Nakwenda Guangzhou mwezi wa Oktoba kwenye Maonesho ya Canton, yale makubwa ya biashara, ni mara yangu ya kwanza. Viza ya China imeshatoka, ni ya kuingia mara moja. Wenzangu wananiambia Macau ni jirani tu, unakwenda asubuhi unarudi jioni, na kuna mji wa kale wa Wareno. Nitakuwa na siku moja ya ziada na tiketi ya ndege bado sijakata. Nipangeje? Mimi ni Mtanzania, Mwislamu, na kasino sina haja nazo. – Mama mwenye duka la vyombo, Mwanza

Jibu: Dada, umefanya la maana kuuliza kabla ya kukata tiketi. Kwa viza uliyo nayo, kwenda Macau asubuhi na kurudi Guangzhou jioni haiwezekani. Kwenda utakwenda bila shida. Kurudi ndiko kutakakokukwamisha.

Macau ni China tangu tarehe 20 Desemba 1999, Wareno walipoikabidhi, lakini ina Uhamiaji wake, forodha yake na sarafu yake. Hong Kong vivyo hivyo. Ukivuka mpaka wa Zhuhai, mji wa China unaopakana na Macau, kwenda Macau, afisa wa China anakugongea muhuri wa kutoka, na hapo viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi, hata kama ina wiki nyingi mbele. Jioni ukirudi kwenye kaunta hiyo hiyo, kwao wewe ni mtu asiye na viza. Kila msimu wa maonesho wapo wanaoacha masanduku hotelini Guangzhou na kukwama upande wa pili, wakianza kutafuta viza mpya Hong Kong kwa haraka na kwa gharama ambayo hawakuipanga.

Ungekuwa hujawasilisha fomu ya viza ningekwambia uombe ya kuingia mara mbili, basi. Kwa kuwa imeshatoka, nakushauri uigeuze Macau kuwa mlango wako wa kutokea. Kata tiketi inayoingilia Guangzhou na kutokea Hong Kong. Siku ya mwisho unatoka Guangzhou alfajiri, mchana kutwa uko Macau, jioni unapanda basi la darajani hadi Hong Kong, usiku unaruka. Huhitaji kuingia China tena, na viza yako inatosha. Pasipoti ya Tanzania inaingia Macau na Hong Kong kwa matembezi bila kuombewa viza kabla. (Wasomaji wa Kenya na Uganda, msiige sentensi hiyo. Macau ina orodha yake ya nchi na Hong Kong ina yake, na hazifanani. Kila mtu aangalie pasipoti yake kwenye tovuti za Uhamiaji za pande zote mbili kabla ya kulipa chochote.)

Kwa wenye viza ya kuingia mara mbili wanaosoma hapa, mambo mawili husahaulika. Kwanza, ile tarehe ya mwisho ya kuingia iliyoandikwa kwenye viza inahusu pia safari ya pili, hivyo mtu anayetoka siku moja baada ya tarehe hiyo harudi. Pili, ukirudi hotelini waonyeshe mapokezi muhuri mpya wa kuingia, ili waandikishe upya ukaaji wako polisi. Hesabu ya siku za kukaa nayo inaanza upya.

Sasa tarehe. Maonesho ya Canton ya vuli huwa na awamu tatu: 15 hadi 19 Oktoba, 23 hadi 27 Oktoba, na 31 Oktoba hadi 4 Novemba. Vyombo vya nyumbani huwa awamu ya pili, kwa hiyo siku yako ya Macau iangukie kuanzia tarehe 28, na iwe siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili watu wa China Bara wanafurika. Wiki ya kwanza ya Oktoba, sikukuu ya taifa la China, usiiguse kabisa. Wanaokwenda maonesho ya Aprili wajue kwamba awamu ya tatu huanza tarehe 1 Mei, siku ambayo China nzima iko likizo.

Treni ya mwendo kasi ya kwenda Zhuhai ipande Guangzhou South. Usichanganye na kile kituo cha zamani cha Guangzhou kilicho karibu na masoko ya nguo. Viko mbali sana, na huwezi kukimbia kutoka kimoja ukawahi treni ya kingine. Tiketi inakatwa kwa pasipoti na pasipoti hiyo ndiyo inayokuingiza kituoni. Safari ni kama saa moja na dakika chache. Ukishuka kituo cha mwisho, Zhuhai, jengo la mpaka wa Gongbei liko hapo hapo, unakwenda kwa miguu. Gongbei hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 7 usiku. Utaona vibao vya mpaka mwingine mpya unaoitwa Qingmao, na umati ukielekea huko. Usiwafuate. Huo ulijengwa kwa mashine za kujihudumia, kwa ajili ya wenye vitambulisho vya China, Hong Kong na Macau. Wewe ingia Gongbei, tafuta mstari wa wageni.

Upande wa Macau hawagongi muhuri. Wanakupa kikaratasi kidogo chenye jina lako na tarehe ya mwisho ya kukaa. Kinafanana na risiti ya duka na ndiyo maana watu wanakitupa. Kibane ndani ya pasipoti mpaka uondoke.

Jambo la fedha taslimu nalitaja kwa sababu najua wafanyabiashara wetu. Ukiingia China na zaidi ya dola 5,000 za Marekani taslimu unatakiwa kuzitamka forodhani, na usipozitamka wakati wa kuingia, kuzitoa zilizobaki Gongbei kunaweza kukuletea maneno. Yuan za kutoka nazo zisizidi 20,000. Macau nayo inataka utamke ukiwa na pataca (sarafu yake) 120,000 au zaidi. Kama umeshalipa viwanda na wakala wa mizigo, hili halikuhusu.

Kwa matumizi ya siku hiyo beba dola za Hong Kong. Pataca ya Macau imefungwa kwenye dola ya Hong Kong kwa 1.03, na madukani wanazipokea moja kwa moja kana kwamba ni sawa. Unapoteza kidogo sana, na unaepuka kubaki na pataca mfukoni, kwa sababu nje ya Macau hakuna anayezitaka. Chenji nayo iombe kwa dola za Hong Kong. Basi la mjini ni pataca 6 na dereva hana chenji, hivyo tafuta sarafu mapema.

Begi usilivute mjini, maana njia ni za mawe, nyembamba, na zina miinuko. Chukua teksi hadi kituo cha feri cha Outer Harbour, ambako wana sehemu ya kutunza mizigo, ndipo uende katikati ya mji mikono mitupu.

Macau yote ni kama kilomita za mraba 33, na sehemu kubwa ya hizo ni bahari iliyojazwa udongo. Mji wa kale uko kwenye rasi, nao uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2005. Anzia uwanja wa Senado, ule wenye sakafu ya vijiwe vyeusi na vyeupe vilivyopangwa kama mawimbi. Fika kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu baada ya hapo huoni tena sakafu, unaona viatu. Ukipanda na njia ya kwenda juu, wauzaji wanakukatia kwa mkasi vipande vya nyama iliyokaushwa na kukutilia mkononi bure uonje. Nyingi ni nguruwe, na ng'ombe inakaa trei ya pili yake, rangi ile ile. Kataa tu kwa tabasamu. Mkate wa Macau unaosifiwa sana nao huwa na nyama ya nguruwe ndani.

Mwisho wa njia hiyo, juu ya ngazi pana, umesimama ukuta wa mbele wa kanisa la Mtakatifu Paulo. Nyuma yake hakuna kitu, kwani moto wa mwaka 1835 uliteketeza lililobaki. Watu wengi hupiga picha wakaondoka. Wewe simama dakika kumi utazame mawe yenyewe: kuna simba wa Kichina, kuna meli ya Kireno, kuna mwanamke anayekanyaga joka lenye vichwa saba, na pembeni yake maandishi ya Kichina. Miongoni mwa mafundi waliochonga walikuwamo Wakristo wa Japani waliokimbia mateso kwao.

Kando kabisa ni ngome ya Monte, na kwa mtu wa pwani yetu au hata wa ziwa, hapa ndipo penye habari. Wareno waliojenga Fort Jesus pale Mombasa kuanzia 1593 ndio hao hao waliokuwa wakijenga hapa, na mambo ya pande zote mbili yalikuwa chini ya mtawala mmoja wa Kireno aliyekaa Goa, India. Tarehe 24 Juni 1622 Waholanzi walishusha mamia ya askari kuuteka mji. Ngome ilikuwa haijakamilika. Mizinga ya Monte ilifyatuliwa, na inasimuliwa kwamba risasi moja ilipiga pipa la baruti katikati ya Waholanzi. Lakini waliowakimbiza hadi majini, wakipigana bega kwa bega na Wareno, walikuwemo watumwa kutoka Afrika, na baadhi waliachiwa huru baada ya ushindi. Mkuu wa Waholanzi kule Batavia (Jakarta ya leo), Jan Pieterszoon Coen, mwenyewe alikiri kwamba watumwa hao ndio waliowashinda watu wake. Vibao vya watalii havilitilii mkazo jambo hilo. Mizinga ipo bado juu ya ukuta, kuingia ni bure, na mmoja umeelekea moja kwa moja kwenye jengo la kasino la Grand Lisboa. Makumbusho ya Macau yako ndani ya ngome hiyo, ila Jumatatu yanafungwa.

Kwa swala ya adhuhuri, msikiti wa Macau uko karibu na bwawa la maji, upande wa kaskazini wa kilima cha Guia. Teksi inafika haraka. Ukitoka hapo na miguu bado ina nguvu, panda Guia ukaone mnara wa taa wa mwaka 1865, wa kwanza wa aina ya Kizungu kwenye pwani ya China. Ukichoka uache, hutakuwa umekosa kikubwa.

Alasiri tembea kutoka Senado kuelekea kusini hadi Barra. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na makundi ya watalii huwa hayafiki. Utapita kiwanja kidogo cha Lilau chenye miti na mabenchi ya wazee, kisha nyumba kubwa ya Kichina ya Zheng Guanying, mfanyabiashara na mwandishi wa zamani, halafu kambi yenye matao ya Kiislamu iliyojengwa mwaka 1874 kwa ajili ya askari wa Kihindi walioletwa kutoka Goa. Mwisho wa njia ni hekalu la A-Ma, mlinzi wa mabaharia, ambalo lilikuwapo kabla Mreno yeyote hajafika. Moshi wa ubani ni mzito. Mwenye pumu akae uani.

Upande wa chakula niwe mkweli: halali iliyothibitishwa ni chache. Samaki na chewa wa Kireno wapo kila mahali, ila muulize mpishi kuhusu divai. Kuna pia chakula kinachoitwa "kuku wa Kiafrika", wa kuchoma, mwenye pilipili, nazi na karanga, kitu kilichozaliwa Macau hapo hapo kutokana na viungo vya njia hiyo ya Wareno. Vikeki vya mayai (egg tarts) vilivyoipa Macau jina vinatoka kijiji cha Coloane, kwenye duka la Lord Stow lililofunguliwa mwaka 1989. Basi namba 26A linafika huko, lakini kwa ratiba yako ya siku moja sikushauri. Vinauzwa mjini pia.

Kufikia saa kumi na moja jioni chukua begi lako na elekea kituo cha mpaka cha daraja la Hong Kong–Zhuhai–Macau. Daraja hilo, pamoja na handaki na njia zake, ni kilomita 55, na lilifunguliwa Oktoba 2018. Mabasi yanakwenda saa 24, nauli ni dola za Hong Kong 65 mchana na 70 usiku, na safari ni kama dakika 40. Upande wa pili unapita Uhamiaji wa Hong Kong, kisha unapanda basi B4 hadi uwanja wa ndege, ambao uko jirani. Feri usipande, kwa sababu nyingi zinakushusha mjini, na kutoka mjini hadi uwanjani ni safari nyingine. Chagua ndege inayoondoka saa tano usiku au baadaye. Kukiwa na tangazo la kimbunga namba 8, mabasi na feri vinasimama. Mwishoni mwa Oktoba ni nadra, lakini angalia hali ya hewa siku moja kabla.

Jambo la mwisho ni simu. Ukiwa na laini ya China Bara, hata ukivuka mpaka, WhatsApp, ambayo China Bara imeizuia, bado inagoma kwa sababu intaneti yako inapitia kwao. Izime data, tumia Wi-Fi ya bure ya Macau inayoitwa FreeWiFi.MO, na itafunguka bila VPN (programu ya kukwepa vizuizi vya intaneti). Tiketi ya ndege na anwani za siku nzima zipige picha kabla ya kutoka Guangzhou.