Kuku watatu kurasa mbili, milioni sita mistari mitatu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu, nina miaka 43 na watoto watatu. Miaka minne iliyopita tulihama Migosi tukanunua nyumba Milimani, hapa Kisumu, ndani ya korti yenye nyumba kumi na mbili, geti moja na soja wawili. Tulinunua kwa pesa za malori ya mume wangu na mkopo wangu wa Sacco, ambao nilimaliza kuulipa mwaka jana. Mwezi Januari mamamkwe alikuja kutoka Alego kutibiwa macho, akaja na jogoo na matetea wawili. Omena anaianika kwenye roshani ya mbele. Kamati ya wakazi imetuandikia barua mara mbili, na jina letu limetajwa kwenye kundi la WhatsApp. Naona aibu hata kupita getini. Mume wangu hataki kumwambia mama yake arudi. Nifanyeje? Nisisahau: ameleta karatasi za benki nitie sahihi, anataka kukopa milioni 6 kwa dhamana ya nyumba, miaka 10, riba asilimia 14. Sevisi chaji, ada ya huduma za pamoja hapa kortini, hatujalipa miezi mitano.*
*Mwenye Aibu, Milimani*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeifupisha ili itoshe hapa, lakini ile uliyonitumia ilikuwa kurasa mbili na nusu za daftari. Kuku walijaza mbili nzima: rangi zao, saa anayowika jogoo, jinsi jirani wa nyumba ya saba alivyofunga dirisha kwa kishindo. Milioni sita zilipata mistari mitatu, tena chini kabisa, baada ya "nisisahau". Na kwamba mumeo huvaa suti kila asubuhi, ilhali lori moja limeuzwa na la pili limeegeshwa halina matairi, na kwamba shemeji yako alimkuta Dunga saa nne asubuhi amekaa ndani ya gari akitazama ziwa, hayo uliyaandika pembeni kwa herufi ndogo. Basi nitaanzia huko pembeni.

Usitie sahihi wiki hii. Ijayo pia, kama hujakaa na wakili wako mwenyewe. Si yule wa benki, wala rafiki wa mumeo.

Unadhani benki inakutafuta kwa heshima? Inakutafuta kwa sababu bila wewe haiwezi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema nyumba wanamoishi mume na mke haiwekwi rehani bila ridhaa ya maandishi ya wote wawili, na ridhaa hiyo iwe ya mtu anayeelewa anachokikubali. Sheria ya Ardhi ya 2012 nayo inadai sahihi ya mwenzi. Hukuniambia hati ina jina la nani. Hata ikiwa ni lake peke yake, sahihi yako bado inatakiwa. Hilo ndilo kufuli lililobaki kwenye mlango wako, na ufunguo unao wewe.

Sasa tupige hesabu, maana naona hakuna aliyeipiga hapo kwenu. Milioni 6, riba asilimia 14, miaka 10: ni kama shilingi 93,000 kila mwezi. Mkifika mwisho mtakuwa mmelipa zaidi ya milioni 11. Watu walioshindwa na sevisi chaji miezi mitano wanazitoa wapi 93,000? Zitatoka kwenye mshahara wako wa ualimu, na hautoshi.

Mkishindwa, mambo huenda polepole halafu huenda mbio. Deni likikaa mwezi mmoja bila kulipwa, benki inaweza kukupa notisi ya kurekebisha, isiyopungua miezi mitatu. Kimya? Inafuata notisi ya siku 40 kwamba nyumba itauzwa. Kisha dalali anakuletea yake ya siku 45. Halafu tangazo gazetini, na picha ya nyumba yenu, roshani na vyote. Hapo kundi la WhatsApp litakuwa na la kuzungumza zaidi ya omena.

Muulize mumeo swali moja tu: hizo milioni sita ni za nini? Kama ni za kununua matairi na kumaliza deni la lori ili lirudi barabarani, hayo ni mazungumzo. Lakini matairi ya lori si milioni sita. Mwambie aandike kwa mkono wake, shilingi kwa shilingi, nani anadai na kiasi gani. Nahofia nusu ya karatasi hiyo itakuwa ni karo, gari, sevisi chaji, na michango ya harusi aliyotoa ili asionekane ameishiwa. Mkopo wa kulipia sura hauzai chochote, mwanangu.

Ungeniuliza mimi, ningesema pangisheni nyumba hiyo. Haina deni. Watu wa mashirika na madaktari wanatafuta nyumba Milimani kila siku. Nyinyi rudini Migosi au nendeni Mamboleo, kodi ya huku iwalipie kule, na kitakachobaki kiishie kwenye matairi. Kama hata hivyo madeni hayapungui, uzeni wenyewe, kwa bei yenu, kabla dalali hajawauzia. Angalieni pia lizi, yaani ule muda wa kumiliki ardhi, imebakiza miaka mingapi. Ardhi ya mjini nyingi ni ya lizi, na mnunuzi makini huanza na hapo.

Halafu zile stakabadhi zako za Sacco, zitoe kwenye kabati la jikoni uziweke mahali pazuri. Sisemi mtaachana. Ila Mahakama ya Juu, Januari 2023, ilisema mali ya ndoa haigawanywi nusu kwa nusu hivihivi. Kila mmoja huonyesha mchango wake. Kulea watoto na kutunza nyumba ni mchango pia, sheria inautambua, lakini karatasi yenye muhuri haina ubishi.

Kuhusu aibu. Nimeishi Kisumu miaka mingi, na nimegundua karibu kila mji wetu una Milimani yake. Nakuru ipo, Kakamega ipo, Kitale ipo. Wazungu walijichagulia kwenye upepo, mbali na mbu, wakawaachia wengine mabondeni, nasi tulipopata uhuru tukapokea ufunguo bila kubadilisha kitasa. Sikulaumu kwa kutaka kukaa huko. Maji, miti, usingizi bila muziki wa baa, nani hapendi? Lakini ukivuka barabara tu uko Nyalenda, mtaa wa mabanda, na mama anayewafulia majirani zako anatoka huko kila asubuhi kwa miguu. Ukuta wenu una urefu wa futi nane. Hauwezi kuzuia harufu ya omena wala habari.

Na hao wanaolalamikia omena, Jumamosi huwa wapi? Dunga, wanalamba vidole kwa samaki.

Kanuni za korti ni kanuni, sikatai. Mlizitia sahihi mliponunua. Omena ihamie nyuma, kwenye kamba ya nguo, ikiwa imefunikwa chandarua. Sevisi chaji nenda wewe mwenyewe kwa mweka hazina, si kwa WhatsApp, umwombe mlipe kidogo kidogo, na akubali kwa maandishi. Wengi hukubali. Kamati inaogopa nyumba yenye dalali kuliko nyumba yenye deni, kwa sababu bango la mnada hushusha bei ya zote kumi na mbili.

Mamamkwe simrudishi. Uliniandikia, kama kichekesho, kwamba kila jioni hukaa jikoni akisema "hamna dala". Mimi sikucheka. Wewe si Mjaluo, umesema, basi huenda hujasikia uzito wake. Nyumba ya mjini, hata iwe na ghorofa mbili, kwa mama huyo ni mahali pa kulala tu. Dala, boma la asili, ni kwao Alego, na mwanawe wa miaka 48 hajainua hata ukuta huko. Kumbuka yaliyompata wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, na mjane wake Wambui akataka kumzika Upper Matasia, karibu na Nairobi. Ukoo ulisema nyumba si dala. Kesi ilifika Mahakama ya Rufani, na mwili ulikaa miezi mitano kabla ya kuzikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Kina mama wa rika la mamamkwe wako waliifuata kesi ile redioni siku baada ya siku.

Kwa hiyo mama anaona kitu. Macho yanamsumbua, lakini aliona lori halina matairi kabla yako. Labda amebaki kwa sababu hiyo, wala si kwa dawa ya macho. Kaa naye jikoni. Umwambie ukweli wa benki, mbele ya mwanawe ikiwezekana. Mama wa Alego hatashangaa kusikia kwamba mtu amefilisika. Atakachouliza ni kama mmekula.

Mumeo usimvamie kuhusu Dunga. Siku moja mpelekee chai huko, kwenye thamosi, uingie upande wa abiria ukae. Usiseme kitu mpaka aanze yeye. Mwanamume anayevaa suti kwenda kutazama maji ameshajiadhibu vya kutosha.

Matetea wapeni soja wa usiku, ana watoto. Yule jogoo mchinjeni Jumapili. Mumeo awe mezani, suti ameivua.